Jicho Lililofumbuka: Taswira katika Filamu ya La Jetée

Wapenzi wa ushairi hawana desturi ya kwenda senema kutafuta arudhi. Hata hivyo ipo filamu moja fupi ya Kifaransa, yenye urefu wa dakika 28 tu, ambayo msomaji aliyezoea kuhesabu mizani huenda akaielewa upesi kuliko mtu aliyekulia katika majumba ya senema. Filamu hiyo ni La Jetée, iliyotungwa na Chris Marker mwaka 1962. Inasimulia khabari za dunia baada ya Vita Vikuu vya Tatu, mji wa Paris umeangamia, na waliosalia wanaishi chini ya ardhi. Kwa hivyo huingizwa katika fungu la bunilizi za kisayansi zinazoonya juu ya kesho iliyoharibika. Lakini kilichoifanya isisahaulike ni sharti moja ambalo mtungaji alijiwekea tangu mwanzo: kwamba picha zisitembee.

Filamu ya kawaida ni mkururo wa picha 24 kwa kila sekunde, zinazopita mbio hata jicho likaghurika na kuona mwendo. Marker aliuacha ulaghai huo. Alichukua picha mnato, za rangi nyeusi na nyeupe, akazipanga moja baada ya moja, na kila moja akaipa muda wake wa kukaa kwenye kiwambo. Juu ya picha hizo inapita sauti ya msimulizi mmoja, Jean Négroni, pamoja na kwaya ya Kanisa la Kirusi na muziki wa Trevor Duncan. Wahusika hawasemezani. Katika maandishi ya mwanzo kazi hii imetambulishwa kuwa ni riwaya ya picha, jina linalokaribiana sana na lile la magazeti ya mapenzi ya bei rahisi yaliyokuwa yakisomwa Ufaransa siku hizo. Marker alikuwa mtu wa mzaha wa chini kwa chini. Hakupenda kupigwa picha, na akiombwa ya kwake hutoa picha ya paka.

Muda wa kila picha ndio mizani ya filamu hii. Ipo picha inayokaa kitambo kidogo na kuondoka, na ipo inayokaa hata mtazamaji akaanza kuhangaika akijiuliza kimemponyoka nini. Baadhi yake hukatwa ghafla kama mshororo uliokamilika. Nyengine huyeyuka ndani ya ile inayofuata, kama kina kinachovuka kutoka ukwapi kwenda utao. Na mara kwa mara kiza hutanda kiwambo kizima, pale ambapo mghani angelivuta pumzi. Mtu asiyejua Kifaransa hata neno moja anaweza kuyasikia mapigo hayo. Ni filamu inayoghanika.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtoto mmoja alipelekwa na wazazi wake, siku ya Jumapili, kwenye uwanja wa ndege wa Orly, kusini ya Paris, kutazama ndege zinavyoruka. Huko, kwenye baraza ndefu ya kutazamia, aliuona uso wa mwanamke. Kisha ikasikika kelele, mwanamke akafanya ishara kwa mkono, mwili wa mtu ukaanguka, watu wakapiga mayowe. Baadaye ndipo alipofahamu kwamba siku ile alishuhudia mtu akifa. Vita vikaja, Paris ikateketea, mtoto akakua, na sasa ni mfungwa kambini chini ya ardhi, kwani juu hapakaliki kwa mionzi. Walioshinda wanawafanyia wafungwa majaribio. Njia zote za uokovu zimeziba isipokuwa njia ya wakati: wanataka kumpeleka mtu zamani, na kisha kesho, akalete chakula, dawa na nguvu za kuendeshea mitambo. Waliotangulia ama wamekufa ama wamepata wazimu. Huyu amechaguliwa kwa sababu moja, nayo ni kuwa amegandwa na ile picha ya utotoni. Mwenye picha kali kiasi hicho moyoni, wakubwa wa kambi wanakisia, anaweza kuzindukana katika zama nyengine na asivunjike.

Anakwenda. Anamkuta mwanamke, wanazoeana, wanatembea pamoja katika mji ambao yeye peke yake anajua kuwa umekwisha kufa. Kisha anapelekwa kesho, anarudi na mtambo wa nguvu unaotosha kufufua viwanda vyote, na baada ya hapo hana thamani tena: anangoja kuuawa. Watu wa kesho wanamwalika akaishi kwao. Yeye anaomba arudishwe kwenye Jumapili ya utoto wake, na ombi linakubaliwa. Anamwona mwanamke mwisho wa baraza, anamkimbilia, na katika kukimbia anamtambua mtu aliyemfuata kutoka kambini. Yule aliyeanguka mbele ya macho ya mtoto alikuwa ni yeye mwenyewe.

Aliyezoea bahari ya kikomo hatashangazwa na umbo hili. Mshororo wa mwisho hurejea ule ule, herufi kwa herufi, na kila unaporejea huwa umebeba uzito ambao ubeti uliotangulia haukuwa nao. Picha ya baraza ya Orly ndiyo kikomo cha La Jetée. Mwanzoni ni kumbukumbu ya mtoto aliyetishika; katikati ya majaribio ni baraza tupu isiyo na mtu; mwishoni ni mahali pa mauti. Picha haikubadilika. Aliyebadilika ni anayeitazama.

Wengi wamesifu magofu ya filamu hii, na kweli yana kishindo: kwaya inapanda, na mtazamaji anapitishwa juu ya mitaa iliyofunguka kama mbavu, hata tao mashuhuri la ushindi la Paris, lile lililojengwa kwa ajili ya majeshi ya Napoleon, linaonekana limebomoka juu. Lakini mtu aliyewahi kuziona picha za miji ya Ulaya iliyopigwa mabomu kati ya mwaka 1939 na 1945 hakuti jambo jipya hapo. Uharibifu mkubwa uko kwengine, katika kauli moja anayoitoa msimulizi kwa sauti ile ile ya upole: kwamba polisi wa kambi walikuwa wakizichungulia hata ndoto za wafungwa. Watawala wadhalimu katika bunilizi nyingi huchoma vitabu na kufunga midomo. Hawa hawakuchoma kitu. Wamekikuta kitu cha siri kuliko vyote ndani ya mtu, uso alioupenda akiwa mtoto, wakakitia hatamu na kukifanya kipando. Kadiri anavyomkumbuka mwanamke yule kwa mapenzi zaidi, ndivyo anavyowafaa zaidi wanaomtesa.

Hapa ndipo penye moyo wa filamu, na ndipo taswira zake zote zinapopata maana. Swali linaloulizwa na kila picha ni la umiliki: picha iliyomo moyoni mwa mtu ni ya nani?

Mtazamaji wa Kifaransa wa mwaka 1962 alikuwa na sababu za kulisikia swali hilo kwa karibu. Vita vya Algeria vilikuwa vimekwisha mwaka huo huo, kwa mapatano ya Évian ya mwezi wa Machi na uhuru wa mwezi wa Julai. Kitabu cha Henri Alleg, La Question, kilichotoka mwaka 1958 na kupigwa marufuku, kilikwisha kuwaeleza Wafaransa jinsi askari wao walivyotumia umeme kwa watu waliofungwa Algiers. Katika filamu, mfungwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, anadungwa sindano, na nyaya zimefika usoni mwake. Wanaomzunguka wananong'ona, na manong'ono yenyewe ni ya Kijerumani, msimulizi hayafasiri. Kwa hiyo katika chumba kimoja zimekutana kambi za Wanazi na vyumba vya Algiers, na hakuna jina lililotajwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Marekani na Muungano wa Kisovieti zikakaribia kupigana kwa silaha za nyuklia kwa ajili ya Kuba. Vita Vikuu vya Tatu havikuwa jambo la kubuni sana.

Jina moja limetajwa, nalo lina uzito. Kambi iko chini ya Chaillot. Jumba la Chaillot, linaloukabili Mnara wa Eiffel, ndipo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, tarehe 10 Disemba 1948. Miaka 14 baadaye Marker akachimba kambi ya mateso chini ya sakafu hiyo hiyo. Filamu haisemi chochote juu ya jambo hili. Inataja jina la jumba, inapita. Washairi wa zamani wa mwambao walikuwa na hulka hiyo pia, ya kutaja mtaa au mti au kisima na kumwachia msikilizaji akumbuke mwenyewe kilichotokea pale. Asiyejua hapotezi hadithi. Anayejua anasikia baridi ya mgongo.

Lipo jengine la namna hiyo, dogo zaidi. Mkuu wa majaribio, mtu mtulivu mwenye sauti ya busara, ameigizwa na Jacques Ledoux, ambaye katika maisha yake alikuwa mhifadhi wa hazina ya filamu ya Ubelgiji. Yaani aliyepewa kazi ya kupekua kumbukumbu za mfungwa ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutunza picha zisipotee. Ni mzaha wa Marker kwa rafiki zake, pengine. Lakini mzaha huo unauma, kwa sababu unauliza tofauti iko wapi kati ya kuhifadhi na kufunga.

Taswira inayotawala kote ni jicho. Mfungwa amefunikwa macho kwa vitambaa vilivyounganishwa na nyaya. Lazima asione ili aone. Miongoni mwa wanaomchunguza wapo waliovaa miwani minene ya ajabu, inayofanya macho yao yasifanane na ya binadamu. Anapoanza kupenya zamani, miongoni mwa vitu vya mwanzo anavyokutana navyo ni masanamu: vichwa vya mawe vilivyopasuka, nyuso zilizolika, macho yasiyo na mboni. Msimulizi anakisia kuwa huenda hiyo ndiyo makumbusho ya kumbukumbu yake. Neno hilo, makumbusho, ni la kuzingatiwa, na Kiswahili kinalibeba vizuri kuliko Kifaransa, maana ndani yake mna kukumbuka na kukumbushwa, na anayekumbushwa si lazima awe ametaka.

Siku ya 50 wawili hao wanakwenda makumbusho ya kweli, ile ya wanyama, iliyo katika bustani kubwa ya mimea ya Paris. Ni sehemu yenye furaha kuliko zote. Wananyoosheana vidole, wanacheka, wanainama kutazama ndani ya makabati. Wanyama waliowazunguka wamekaushwa na kujazwa, wamesimama kama walio hai, na macho yao ni ya gilasi. Mwenye kutazama kwa pupa ataiona hii kuwa ni matembezi ya wapenzi. Akitulia atatambua kwamba mwanamume anajua mwanamke huyu amekwisha kufa katika vita vitakavyokuja, na kwamba wapenzi wenyewe wamegandishwa na kamera kama wale wanyama walivyogandishwa na wajazaji wao. Furaha yao yote iko ndani ya kabati. Kwa kweli hakuna sehemu nyengine ambapo sharti la picha mnato na maana ya filamu vimeshikamana kiasi hiki. Picha haielezi kifo, yenyewe ni namna ya kukausha.

Kabla ya hapo walisimama mbele ya kipande cha gogo la msekwoya, mti mkubwa wa Marekani, ambacho pete zake zimebandikwa tarehe za historia. Mwanamume anaelekeza kidole nje ya gogo, kwenye hewa tupu, na kusema kwamba yeye ametoka pale. Anayeikumbuka Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1958, atajua gogo hili limeazimwa wapi. Kuazima si aibu. Kwa Hitchcock mwanamke aligusa ndani ya pete, mahali alipozaliwa na alipokufa. Kwa Marker kidole kimetoka nje kabisa ya mti. Mtu asiye na pete hana pa kuzikwa.

Sasa ifikiriwe ile sehemu ambayo kwa ajili yake filamu nzima ilitungwa. Mwanamke amelala. Ni asubuhi, au mwanga unafanana na wa asubuhi. Uso uko juu ya mto, nywele zimetawanyika, mkono uko karibu na shavu. Picha inayeyuka, anaonekana amegeuka kidogo. Inayeyuka tena. Ndege wanalia nje, na kila picha inapobadilika sauti yao inazidi, inakaribia kuwa kelele, hata masikio yakataka kuzibwa. Picha zinaanza kufuatana kwa karibu zaidi, zikigusana, zikiingiliana, kama ambaye anahema. Halafu mwanamke anafumbua macho. Anayafumbua kwelikweli: kope zinanyanyuka, zinapepesa, midomo inalegea kidogo, na anatazama mbele. Kwa sekunde chache filamu imetembea. Kisha, bila ya kiza wala kuyeyuka, unakatiza uso wa mkuu wa majaribio.

Waliokwisha kuandika juu ya sekunde hizo wengi wao wamesema kwamba ni ushindi wa mapenzi, au wa uhai juu ya mauti. Si kosa, lakini hayo yangeweza kusemwa juu ya machweo yoyote ya jua. Jambo lililotokea ni la dhahiri zaidi kuliko hilo. Hadi hapo mwanamume ndiye aliyekuwa akitazama, na kila kitu kingine kilikuwa kikitazamwa: masanamu, bustani, wanyama, na mwanamke mwenyewe. Wakubwa wa kambi walikuwa wakimtazama yeye akitazama. Sasa, kwa mara ya kwanza, picha imemtazama mwenye kuitazama. Mwanamke aliyekuwa kumbukumbu ya mtu, na kupitia mtu huyo akawa chombo cha kambi, amejionyesha kuwa ni kiumbe mwenye macho yake, aliyeamka kwa wakati wake, ambaye hakuna sindano iliyompa amri ya kuamka. Picha imeacha kuwa mali. Na ndiyo maana uso unaokatiza ni wa mkuu wa kambi: mtazamaji anaachwa hajui kama mkuu naye ameyaona macho yale, au kama ndiyo kitu pekee ambacho uchunguzi wake wote haukukifikia. Marker halijibu swali hilo, na amefanya vyema.

Wenye kushindana juu ya arudhi wanaweza kujinufaisha na sekunde hizi. Ubishi huo katika ushairi wa Kiswahili ni wa miaka mingi. Upande mmoja wanasimama waliolelewa na Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954. Upande wa pili wale waliofunguliwa mlango na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, mwaka 1974. Kila upande ungeweza kumdai Marker. Wa kwanza watasema: tazameni, mtu amejifunga sharti gumu na akalitii kwa dakika 28. Wa pili watasema: tazameni, pale pa maana kuliko pote amelivunja. Wote wanasema kweli, ila wa pili wanapaswa kukumbuka jambo moja. Mwanamke anayefumbua macho katika filamu ya kawaida si kitu; hutokea kila siku na hakuna anayegeuza shingo. Lau picha zote za La Jetée zingelitembea, kope zile zisingeonekana. Mshororo mmoja uliozidi mizani ndani ya utenzi mzima uliopimwa huitwa guni, na mara nyingi ni uzembe tu. Lakini ukiwekwa pale ambapo moyo wa msemaji umeshindwa kubaki ndani ya mizani, sikio litausikia kuliko beti zote zilizotangulia. Kinachoutia sauti ni zile zilizonyamaza kabla yake.

Kazi hii haikukosa dosari, na heshima kwa Marker haimlazimishi mtu kuzifunika. Safari ya kwenda kesho ni hafifu. Kesho yenyewe inaelezwa kuwa ni Paris iliyojengwa upya yenye maelfu ya njia zisizofahamika, lakini kinachoonekana ni nyuso chache zinazoelea gizani, zenye alama kwenye paji la uso, zikizungumza kwa vinywa vya miungu wa michezo ya skuli. Baada ya macho yale kufumbuka, watu hawa wenye hekima hawana uso hata mmoja unaokumbukwa. Inaonekana mtungaji aliihitaji kesho kwa ajili ya kufunga hadithi tu, akaipitia mbio. Tena mwanamke hana jina, wala sauti. Maneno yake yote yanafikishwa na msimulizi mwanamume, ikiwa ni pamoja na lile la kuchekesha na kuhuzunisha ambalo kwalo humwita mpenzi wake mzuka. Inaweza kujibiwa kwamba mfungwa naye hana jina, na kwamba hakuna mtu yeyote katika filamu anayesema. Jawabu hilo linatosha nusu. Mfungwa ana mawazo, na mawazo yake yanasimuliwa. Ya mwanamke hayasimuliwi. Alichopewa ni kope. Ajabu ni kwamba kope hizo zimesema zaidi ya maneno yote ya mwanamume, lakini aliyezikosa ataondoka akidhani ameonyeshwa uso mzuri tu.

Mwaka 1995 Terry Gilliam alitengeneza 12 Monkeys kutokana na filamu hii, ndefu, yenye rangi, fedha na waigizaji mashuhuri. Ni burudani nzuri. Ndani yake mna uwanja wa ndege, mtoto na kifo, na kila kitu kinatembea.

Mfasiri wa Kiswahili akiipata La Jetée mkononi atakwama kwenye jina. Jetée ni gati, lile linalotoka nchi kavu likaingia majini. Wafaransa wakaliazima kwa ajili ya baraza ya Orly, ambako watu walikuwa wakienda siku za mapumziko kutazama ndege kama wengine wanavyokwenda bandarini kutazama vyombo. Kwa asili neno limetoka katika kitenzi cha kutupa, na kwa sarufi yao linaweza kusikika kuwa ni mwanamke aliyetupwa. Likitamkwa haraka pamoja na kitambulisho chake hukaribia kusikika kama kauli ya mtu anayesema kwamba alikuwepo pale. Maana tatu katika silabi tatu. "Gati" la Kiswahili haliwezi kuzibeba zote, ila lina lake ambalo Kifaransa hakina kwa ukali huo: kwa watu wa visiwani gati ni mahali ambapo anayeondoka na anayesubiri hutazamana hadi macho yasiweze tena. "Gatini", kwa kiambishi chake cha mahali, lingekuwa jina la kutosha.

Nyakati za vitenzi zitamtaabisha zaidi. Msimulizi anaanza kwa wakati uliopita. Majaribio yanapoanza kufanya kazi anahamia wakati uliopo, hata mwanamke aliyekufa zamani anatembea, anauliza na kucheka sasa hivi. Kisha dakika za mwisho, kwenye baraza, anarejea wakati uliopita. Yaani kilichopita kinasimuliwa kama kipo, na kinachotokea mbele ya macho kinasimuliwa kama kilichokwisha. Mfasiri asiyeangalia ataweka -li- kote kwa ajili ya unadhifu, na filamu nzima itakuwa imemponyoka. Lazima -na- ije na ibaki, siku baada ya siku ya majaribio, bustani, gogo, chumba cha kulala, makumbusho, mpaka pale mwanamume atakapokanyaga baraza ya Orly na -li- itakaporudi kumchukua.

Na picha za mwisho nazo zinahitaji kutazamwa kwa jicho hilo. Mwanamume anakimbia, na kila hatua yake ni picha peke yake, iliyotengwa na nyengine. Mwanamke yuko mwisho wa baraza, mkono umekwenda usoni. Kisha mgongo wa mwanamume umepinda, mkono umenyanyuka juu, magoti yamevunjika, nyuma yake anga nyeupe. Marker alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba angeweza kuziachia picha zitembee. Mtungaji mwengine angeliuweka mwendo huo hapa, kwenye risasi na mwanguko, na watazamaji wangelishika viti. Yeye alikuwa ameutumia wote asubuhi ile, kwa mwanamke aliyekuwa akiamka. Kifo alikiachia picha mnato.